Matete ya Mlangoni mwa Mto

Ilagala,
Kigoma.
22 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Honorata,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshanipa kabla hujamaliza kufungua bahasha. Hujambo huko Tanga? Kile kifua kimetulia? Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe, ila magoti yangu ndiyo yale yale. Shemeji yako Thobias bado anakwenda ziwani na anarudi salama.

Mvua zimezidi, dagaa ukiwaanika mchangani wanaoza. Basi sisi wanawake tukakubaliana tufyeke matete ya mlangoni mwa mto, tujenge vichanja vya kuanikia. Mahali pa kwanza, pale karibu na maji, nikapewa mimi. Nilifurahi! Nisingepandisha tena beseni la dagaa mpaka juu nyuma ya nyumba.

Sasa kaa vizuri nikupe habari ya mwanao Elida. Unajua yuko chuo cha uvuvi, wa kwanza katika ukoo mzima wa baba yetu, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Amekuja likizo, akakuta vijana wananoa mapanga. Hakugombana na mtu. Alikunja kanga, akaingia kwenye matete na kikapu, akatoka na samaki, ngege jike, akamweka kwenye beseni la maji.

Ngege akatema vitoto, vidogo kama punje za mchele. Hilo tumeliona miaka yote. Lakini maji yalipotulia, Elida akapitisha kivuli cha mkono. Weee! Vyote vikakimbilia mdomoni kwa mama yao.

"Na yeye anakula saa ngapi?" akauliza jirani yangu mama Nasri.

"Hali, mama. Anafunga mpaka wapate nguvu. Humo kwenye matete ndimo anamojificha, sangala asimwone akammeza."

"Basi tummalize huyo sangala!"

"Na watoto wa sangala wanakulia humo humo. Mkifyeka, baba atarudi na nini?"

Kisha mama Nasri akanigeukia: "Mama Elida, kumbe ngege ni ndugu yako. Na wewe mtoto hakutoki mdomoni!" Wakacheka mpaka wakashikana. Nami nikasema ndiyo, nimekubali!

Lakini macho yote yalikuwa kwangu, maana mahali pale palikuwa pangu. Magoti yalisema lao. Elida aliniangalia tu. Nikawaambia vijana waondoke na mapanga yao, matete yabaki.

Vichanja tumejenga kule juu. Napanda kila asubuhi, napumzika katikati, na kila anayenipita namwambia ni mtoto wa nani aliyetufundisha. Ngege Elida alimrudisha mwenyewe, akainamisha beseni taratibu, mdomo ukiwa umejaa wanawe.

Nisalimie shemeji Erasto. Rozalia mwambie asome kama dada yake. Mungu awafunike kama matete yanavyowafunika wale wadogo. Ukija, kabla sijakupikia ugali kwa sangala, nitakupeleka ukayaone yamesimama.

Ni mimi dada yako akupendaye, magoti mabovu, kichwa juu,

Mama Elida