Moto Mmoja Unawatosha

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako nimeshaiitikia huku huku mizabibuni. Mimi mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi. Wewe je, tumbo limetulia? Na mjukuu wangu ananyonya vizuri?

Jana baba yako mdogo Hamisi alipita hapa Makutupora na lori la vitunguu. Nikamuuliza habari za kuni. Akacheka, "Shemeji, badala ya kuuliza mtoto!" Nikamwambia, mzazi hajatoka arobaini, bila moto atalala vipi? Hapo akaacha kucheka. Akasema lile rundo nililoliacha limefika dirishani sasa liko usawa wa goti, na baridi ya huko nyumbani Busi ndiyo kwanza inaanza. Eti wewe na bibi yako mmenuniana, kila mtu na moto wake chumbani kwake. Tena umekata mnyaa wa uani ukachoma, mtoto akaamka macho mekundu.

Zuhura! Mnyaa? Utomvu wake unaunguza macho, moshi wake ndio uyaache? Usirudie tena, nakuomba.

Nilianza kufunga matawi makavu ya mizabibu niwaletee. Mama Neema ninayelala naye chumba kimoja akanicheka, "Wewe Mrangi, unapeleka kuni Kondoa?" Nikayawasha kwanza nione. Yaliwaka kama karatasi, hata chai haijachemka yamekwisha. Ruhusa nayo msimamizi kaninyima mpaka tumalize palizi.

Sasa nisikilize. Mzigo wa kichwa wa mgunga mkavu hauvuki siku mbili, moto ukiwaka mchana na usiku. Mkiwasha sehemu mbili, mzigo huo hauvuki hata siku moja. Moto ukiwa mmoja, kuni zilizopo zitawafikisha mpaka Hamisi awaletee lile gogo lililoanguka bondeni. Ameniahidi, na nitamfuata mpaka alete.

Kwa hiyo leo, jua halijazama, beba mtoto na godoro uhamie kwa bibi yako. Chumba chake kidogo kinashika joto. Dirisha msilizibe, moshi utoke. Atasema unamshika mtoto vibaya. Mwache aseme. Na mimi alinisema hivyo hivyo nilipokuzaa wewe, na ni yeye aliyekuwa akichochea moto mimi nikilala.

Nisalimie Hamisi, na mkewe anayekupikia uji. Salamu za bibi yako siziandiki hapa. Utampa wewe kwa mdomo wako, umempakata mtoto, na uanze na shikamoo.

Ni mimi mama yako, roho yangu iko huko,
Mwajuma