Nilimjibu Nimo

Rågsved, Stockholm
Jumapili mchana

Mdogo wangu Shabani,

Barua hii ikukute umekaa kitako, si umesimama mlangoni na viatu vya mpira vinaning'inia shingoni. Hujambo? Kifua je? Usinijibu "freshi" kama kwenye simu, maana hapa huwezi kunikatiza, na ndiyo sababu nimeandika kwa mkono. Kwenye simu ukiona nakaribia jambo lenyewe unaanza kucheka, halafu ghafla bando limekwisha. Jirani yangu Mama Neema anakuja Morogoro kumwoza binti yake, nikamwomba anibebee bahasha.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeanza kuuma na saa tisa alasiri jua limeshakwenda zake, taa zinawashwa watu wakiwa bado kazini. Nimezoea. Nilichoshindwa kuzoea ni kile ulichoniomba nikifiche. Umeanguka mazoezini mara mbili bila kuguswa na mtu, ukazimia, na ukaniapisha kwamba Mama asijue mpaka umalize majaribio na ile timu ya Dar. Nikaapa, mjinga mimi. Tangu hapo sina raha, na si kwa ajili yako tu. Yuko mzee mmoja ninayemhudumia, na habari zake ndizo ninazotaka uzisome mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua, kuzunguka kwa wazee majumbani, kuwapa dawa, kuwaogesha, kuwapikia. Tangu mwezi wa kumi na moja nimepangiwa Mzee Renato, ghorofa ya tatu, mtaa wa pili kutoka hapa kwangu. Ni Mwitaliano. Alikuwa kiungo wa kulipwa, Shabani, namba nane kama wewe. Alianza katika mji mdogo wenye ukungu mwingi, akapanda mpaka ligi kuu ya kwao, na alipozeeka miguu akaja kumalizia mpira huku, akaoa Mswidi, akabaki. Jezi zake zimetundikwa ukutani tangu sebuleni mpaka chooni. Mke amefariki. Sasa akili yake inapotea, na Kiswidi ndicho kilichotangulia kumtoka. Kimebaki Kiitaliano, nami Kiitaliano nakijua kwa pasta tu.

Mwenzangu aliyekuwa akienda pale kabla yangu ni Kalala, Mkongomani, mtu wa masihara mengi. Nilipomwambia nimepewa mzee aliyekuwa kiungo, akauliza, "Kiungo? Ya kutia mu mboga?" Tukacheka. Halafu akaacha kucheka. "Dada, mi kule sirudiake. Ule mzee haangaliake weye. Anaangaliaka nyuma yako."

Nikamwona mwoga. Siku ya kwanza namwekea mzee kikombe cha kahawa, akageuza shingo akatazama bega la kushoto, kisha la kulia, ndipo akakipokea. Nikacheka moyoni, maana wewe ulifundishwa hivyo hivyo na kocha, kwamba kiungo atazame nyuma kabla mpira haujamfika. Mzee yule hufanya hivyo kwa kila kitu, kijiko, taulo, hata kidonge. Na kiti chake kimegusa ukuta. Hakai popote penye nafasi nyuma yake.

Siku ya tatu nilikuwa nimempa mgongo mlango wa ukumbini, nakunja shuka. Akanyanyuka, macho yamemtoka, hanitazami mimi, anatazama juu ya bega langu, akaita, "Umo!"

Nilishtuka, kisha nikafurahi kama mtoto. Nani kamfundisha Kiswahili? Bila shaka Kalala. Nikamjibu, "Nimo, Mzee, nimo!" Akaita tena kwa nguvu, "Umo!" Nikamjibu, "Nimo ndani, usiogope." Akanishika mkono akanivuta kwake.

Basi ukawa ndio mchezo wetu. Kila siku, karibu saa tisa giza likiingia, "Umo!" nami "Nimo!" Nilidhani namtuliza. Ila niliona kila nikijibu anazidi kuhangaika, na mara mbili alilia. Nami nikaanza tabia mbaya. Kwenye treni, kabla sijatoa kadi, nageuza shingo, kushoto, kulia. Kalala aliniona akapiga ishara ya msalaba.

Sasa nisikilize vizuri. Siku ile uliponitumia video ya mazoezi, nilikuwa kwake. Nikaona nimfurahishe, nikamwonyesha simu. Alitulia kabisa, uso ukawa wa mtu mwenye akili zake. Anakufuata kwa kidole uwanjani, anatikisa kichwa, anatabasamu. Nikajisikia fahari, nusura nikupigie hapo hapo. Kisha wewe ukaomba mpira katikati, peke yako, wenzako wako mbali. Mzee akaangusha kikombe. "Umo! Umo!" Anaipiga simu yangu kwa kiganja, analia, anakuita wewe. Nikairudisha video nyuma mara nne. Nyuma yako hapakuwa na mtu, Shabani. Ni nyasi tu.

Jioni ukanipigia, ukaniambia, "Dada, leo nimeanguka tena, ile video ilipoishia tu." Nikakata simu, ukadhani ni mtandao.

Jumapili iliyofuata nilimngoja binti yake, Klara, ambaye huja kila wiki. Anasema Kiitaliano na Kiswidi. Nikamuuliza baba yake amejifunza wapi kusema umo.

"Si umo," akasema. "Ni uomo. Maana yake mtu. Uwanjani Waitaliano hupaza sauti hivyo kumwonya mwenzao kwamba yuko mtu anamjia kwa nyuma." Kisha akauliza, "Wewe humjibu nini?"

"Namjibu nimo."

"Maana yake?"

"Kwamba niko ndani."

Klara akatazama ule mlango wa ukumbini, kisha akaufunga. Mwezi mzima, mdogo wangu, mzee ananionya kwamba yuko mtu nyuma yangu, nami namwambia mimi niko humo humo, asiwe na wasiwasi.

Tukakaa, akanieleza. Baba yake alikuwa na kiungo mwenzake, Aldo, wakilala chumba kimoja safarini. Siku ya mechi kubwa, katika chumba cha kuvalia, Aldo alimshika mkono akamnong'oneza kwamba kifua kinambana na jana alizimia bafuni, ila daktari asiambiwe, atampiga benchi. Renato akaapa. Kipindi cha pili Aldo akapokea mpira, peke yake, hakuna mtu karibu, akaanguka. Hakuinuka tena.

"Baada ya hapo baba alicheza miaka minane," Klara akasema, "na kila mwenzake akipokea mpira, baba anapaza uomo, hata kama uwanja ni mtupu. Wenzake wakachoka, wakamwona kichaa. Kila timu ikimwacha, inampokea nyingine ndogo zaidi, mpaka akafika huku. Sikumbuki siku aliyoacha. Mimi mwenyewe alikuwa akinipazia nikivuka barabara kwenda shule."

Sijui mzee huona nini nyuma ya watu, na sitaki kujua. Najua kwamba aliapa kama nilivyoapa mimi, kwa mtu aliyempenda kama ninavyokupenda. Niliogopa, Shabani. Nilikaa kwenye ngazi za jengo lake nikalia mpaka mpangaji mmoja akaniuliza kama nimepotea.

Jana nilikwenda na karatasi. Alipokuwa anapumzika nikaandika barua mezani kwake, mgongo wangu kwa ule mlango, umefunguliwa, makusudi. Saa tisa ikafika, giza likaingia. Akaamka, akatazama juu ya bega langu kwa muda mrefu sana. Kisha akajiegemeza, akachukua kahawa yake bila kugeuza shingo, akanywa. Hakuita.

Barua niliyoandika pale si hii.

Nisalimie Bibi, mwambie soksi alizonifuma ndizo zinazoniweka hai. Msalimie kaka Juma na wifi, na yule mtoto wao mpya ambaye bado sijambusu. Kocha wako Mwalimu Saidi msalimie kwa heshima. Atasikia habari zako, tena si kutoka kwangu. Na usiniite msaliti kabla hujaonana na daktari wa moyo. Baada ya hapo niite utakavyo, nitaitika.

Mama Neema amebeba barua mbili. Nimemwagiza ya kwanza aitie mkononi mwa Mama, aingoje isomwe yote, ndipo akupe hii. Na Mama nimemwomba asikugombeze, asiseme hata neno, aingie polepole wakati unasoma na asimame nyuma ya kiti chako.

Mdogo wangu, una mtu nyuma yako. Geuka.

Ni mimi dada yako aliyevunja kiapo,
Zuhura