Mke Wangu Alipanda Basi la Watu Wengine

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na ikiwezekana kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo Norma Haworth anakuja kwangu kunywa chai na mimi sijui nitamwambia nini.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia hapa Burnley, na mke wangu anaitwa Audrey. Kila mwaka mwezi wa Juni kanisa letu hukodi basi na sisi huenda Scarborough, mji wa pwani, kwa wiki nzima, hoteli ileile juu ya mwamba, meza zilezile, na kwenye basi kila mtu ana kiti chake, ambacho huwa chake mpaka afe au ahamie kwa mwanawe Australia, na Norma ndiye anayepanga yote hayo tangu mumewe alipofariki. Sasa Audrey miaka hii miwili amekuwa msahaulifu, si sana, anauliza jambo moja mara tatu, anaweka siagi kabatini na viatu kwenye friji, na mimi sijamwambia mtu, kwa sababu Audrey ana haya zake, na kwetu mambo ya ndani hayatolewi nje, na pia kwa sababu niliona nikikaa kimya huenda yatapita kama mafua.

Mwaka huu tulianza vizuri. Ray Duckworth, ambaye kiti cha mbele karibu na mlango kimekuwa chake miaka mingi na aliwahi kununiana na kasisi kwa ajili yake, alitupisha mwenyewe akasema, "Kaeni nyinyi, Cliff, jua la mbele linaniumiza macho," nikashukuru nikakaa, ingawa mvua ilitusindikiza kutoka Burnley hadi baharini na haikukatika wiki nzima. Aliyenikera ni Norma. Kila basi liliposimama ili watu wajisaidie, alimshika Audrey mkono na kumwambia, "Twende shoga yangu, mimi naogopa kwenda peke yangu," mwanamke aliyekuwa askari polisi mpaka akastaafu, na mezani alikaa ubavuni mwake, na kwenye bingo, ule mchezo wa kusikiliza namba na kuziwekea alama kwenye kadi, vilevile, utadhani Audrey hana mume. Lakini kwenye bingo Audrey alishinda mara mbili, akapewa boksi la chokoleti na taulo, nami nikajiambia kwamba mtu anayefuata namba kwa kasi ile hana tatizo la akili. Halafu kulikuwa na mtu anayefunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango wa chumba chetu. Milango yote ya ghorofa ile, hata wa bafu mwisho wa korido, ni myeupe na inafanana, sijui kwa nini achague wetu. Nilikifungua, kesho yake kipo tena, nikalalamika mapokezi kwamba kuna watoto wanatuchezea, ingawa hotelini hapakuwa na mtoto hata mmoja, na mara ya mwisho nikakitia mfukoni.

Katikati ya wiki tulipelekwa mashambani, tukapita nyika za milimani zenye kondoo wengi kuliko watu, hadi Pickering, kuangalia treni ya moshi na kunywa chai kwa skonzi na jamu. Nilimketisha Audrey kwenye benchi nje ya mkahawa ili niende kulipa. Norma alitaka kukaa naye, nami nikamwambia, "Norma, mke wangu nitamtunza mwenyewe, wewe nenda kaangalie treni." Akaenda. Ndani palikuwa na foleni, na bibi aliyekuwa mbele yangu alikuwa anarudisha skonzi yake kwa maelezo marefu. Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu.

Uwanja wa mabasi wa pale hujaa mabasi meupe, na kila basi lina wazee wenye makoti ya mvua ya rangi ya krimu. Audrey alipanda mojawapo akakaa kiti cha mbele karibu na mlango, kama alivyozoea wiki ile. Lilikuwa basi la watu wa Darlington waliofikia Bridlington, mji mwingine wa pwani. Mwenye kiti, mzee mmoja mpole, alimkuta ameketi, na badala ya kusema, "Mama, hapa ni pangu," alimwomba radhi akaenda kukaa nyuma kabisa. Baadaye aliniambia, "Nilidhani labda mimi ndiye niliyekosea." Mwanamke wa pembeni akampa Audrey peremende. Dereva akauliza kama kuna aliyepungukiwa na mwenzake, na hakuna aliyepungukiwa, maana walikuwa wamezidi, na hilo hakuliuliza. Wakaondoka naye.

Tulimtafuta mpaka kwenye reli. Hatukujua aliko hadi hoteli moja ya Bridlington ilipowapigia polisi simu kwamba wana mgeni wa ziada na amekwisha kunywa supu. Basi letu zima likaenda kumchukua, na chakula chetu cha jioni kikapoa Scarborough. Tulimkuta katikati ya wenyeji wake anaimba.

Hapo ndipo nilipofanya jambo linaloninyima usingizi. Mbele ya wote nilisema, "Audrey alikutana na binamu yake wa Darlington, wakaamua kusafiri pamoja, akasahau kuniambia." Audrey akaniangalia, akauliza, "Binamu yupi, Cliff?" Ray akasema, "Familia ni familia." Norma akamfunga Audrey vifungo vya koti, na dereva akawasha redio.

Sasa Norma amepiga simu. "Clifford, nitapita Ijumaa. Kuna habari ya Audrey nataka tuizungumze kabla sijapanga viti vya mwakani." Mimi najua maana yake, watatuondoa. Na Audrey kila asubuhi ananiuliza, "Tunaenda lini baharini?" Jina la mjukuu wetu humpotea, lakini Scarborough haijampotea, tukifika pale ufukweni yeye ndiye anayenishika mkono na kuniongoza, na sijui kitu kingine kilichobaki ambacho bado ananiongoza. Nimefikiria nimwahi Norma, nimwambie magoti yangu yameharibika na hatutasafiri tena, ili angalau tuondoke wenyewe kwa heshima. Au nishikilie habari ya binamu? Nishauri.

Clifford E., Burnley

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Clifford, pole. Naanza na pole kwa sababu yanayofuata si matamu.

Habari ya binamu iache leo hii. Haikumdanganya mtu yeyote ndani ya basi isipokuwa Audrey, ambaye ulimwacha akipekua kichwani mwake kumtafuta mtu asiyekuwepo. Aliyepungukiwa na kumbukumbu haongezewi za uongo.

Sasa nikuulize wewe mwalimu. Jua gani lilimuumiza Ray macho, katika wiki ambayo umeniandikia mwenyewe kwamba mvua haikukatika? Mtu aliyenuniana na kasisi kwa ajili ya kiti hakitoi hivihivi. Amekitoa kwa sababu aliyekaa pale hawezi kushuka bila dereva kumwona. Askari polisi mstaafu anaogopa nini chooni? Kwenye bingo, ni nani aliyekuwa ubavuni mwa Audrey? Mimi sikuwepo, lakini nadhani naujua mkono uliokuwa ukiweka alama kwenye kadi yake, na sitashangaa nikisikia kwamba Norma mwenyewe hakushinda kitu wiki nzima. Na hicho kitambaa: milango inafanana, mwanamke ametoka bafuni mwisho wa korido, hajui arudi wapi. Mtu mwenye huruma, na nadhani ni Norma huyohuyo, akamwekea alama. Wewe ukaifungua, kisha ukaenda kuwashtaki watoto ambao hawapo.

Wanajua, Bwana Clifford. Ulidhani unawaficha wao, kumbe wao ndio wanaokustiri wewe. Na hawakukuambia kwa sababu ileile iliyompeleka yule mzee wa Darlington nyuma ya basi lake mwenyewe. Ndivyo tulivyo sisi. Tunaona ni adabu kutomwambia mtu kwamba amekaa pasipo pake. Adabu hiyo ilimpa mkeo peremende na supu, na adabu hiyohiyo ilimchukua mpaka Bridlington. Ni kitu kizuri, ila hakifai kwa kila kazi.

Kosa lako halikuwa kwenye foleni. Foleni inaweza kumchelewesha yeyote. Kosa lilikuwa pale ulipomfukuza Norma kwenye benchi. Unasema kwenu mambo ya ndani hayatolewi nje. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe umeumbuliwa na bakuli la supu tu. Shukuru, halafu usirudie.

Je, Norma anakuja kuwaondoa? Siwezi kukuapia. Lakini anayetaka kukutoa hupanga viti kwanza, kisha akakutumia salamu za kusikitika. Haji kunywa chai kwako kabla ya kupanga. Na kama nimekosea, utakuwa umepoteza kilekile ulichotaka kukitupa mwenyewe kwa kusingizia magoti, tofauti ni kwamba utakuwa umesema kweli.

Kabla ya Ijumaa mpeleke Audrey kwa daktari, au angalau upate siku ya kumwona. Usahaulifu una sababu nyingi na baadhi hutibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini, dawa mbili zisizopatana. Usimpime kwa bingo. Ndani ya koti lake shonea jina na namba ya simu, na koti lenyewe liwe la rangi nyingine, jekundu au la manjano, maana rangi ya krimu katika uwanja wa mabasi ni sawa na kutovaa kitu. Usimwache peke yake kwenye benchi, hata ukidaiwa chai ya watu kumi.

Siku hiyo ya Ijumaa, Audrey awe hapohapo mezani. Usimpeleke chumbani kama mtoto ambaye wakubwa wana mazungumzo; ni habari yake, na kwanza umwambie yeye. Mimina chai. Usianze na hali ya hewa, najua utatamani. Sema, "Norma, Audrey anasahau, na mimi peke yangu siwezi." Kisha msogezee kikombe chake. Mwache yeye aseme kinachofuata.

Halafu kuna kitambaa. Uliniambia ulikitia mfukoni, na nadhani bado kimo. Kifue, kipige pasi, umrudishie Norma mkononi, na umwombe mwakani akifunge siku ya kwanza kabisa, mizigo ikiwa bado ukumbini.