Ubatizo Ambao Mama Hakuuona

Jumapili, Kaagya. Mvua ya usiku imeisha, yamebaki matone kwenye migomba. Nimechoka hadi vidole.

Leo mtoto wa kaka yangu amebatizwa kule Rubya, Muleba, na kupewa jina la marehemu baba. Mguu wa Mama umevimba, safari ya Muleba haiwezi, na kwenye kioo cha simu macho yake hayaoni kitu. Ndiyo maana jana nilikuja na laptop yangu kutoka Kashai, nikamwahidi atamwona mjukuu wake vizuri kabisa.

Jana jioni mtandao ulikuwa safi. Asubuhi, hakuna.

Nikaizima laptop na kuiwasha. Linux, mfumo unaoiendesha, inaiona kadi ya wifi, ila kadi haishiki mtandao wowote. Nikaitoa programu inayoiendesha, nikairudisha. Bado. Nikaandika rfkill, amri ya kukagua kama kadi imezimwa, ikanijibu kwamba kadi imefungwa kwa swichi. Sikuamini, maana sikuwa nimegusa swichi yoyote. Hata kuiunganisha na simu kwa waya nilishindwa. Waya wangu unachaji tu.

Mama alikaa nyuma yangu na gauni lake la kanisani. Kando ya laptop alikuwa ameweka kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama anavyowawekea wageni. Alianza, "Waitu mwanangu..." nikamwambia asubiri kidogo. Akaanza tena, nikamkatisha tena.

Ubatizo akausikia kwenye simu. Jina la baba likatajwa, mtoto akalia, Mama akaitikia kwa kichwa.

Nilipokata tamaa ndipo akamaliza alichotaka kusema. "Usiku radi ilipiga. Nikazima redio, nikazima taa. Na hiki chako nikasukuma hapa mbele, ile taa ya buluu ikazimika. Nilihofia kitaungua, na ndicho kinachokulisha."

Kwetu radi ikinguruma, kila chenye taa kinazimwa. Nimekua nikiliona hilo.

Nikaisukuma swichi. Mtandao ukaja pale pale.

Tulipopiga, ibada ilishakwisha na mtoto amelala. Shemeji akamsogeza karibu na kamera. Mama akamtazama kwa muda mrefu, kisha akakisukuma kikapu cha kahawa hadi kwenye kioo.

"Karibu nyumbani," akasema, akamwita kwa jina la baba.

Nikatoka nje, nikajifanya naangalia matone kwenye migomba. Siku nzima nimeihoji mashine. Mama je, nilishindwa nini kumuuliza?