Hukusema Uachwe Ulale

Mama mdogo wangu uliye mbali,

Shikamoo. Ukimaliza kusoma huenda usitake kuitikia, na mimi sitakulaumu.

Barua hii siiandiki kwa ajili ya macho yako peke yako. Naiandika kwenye daftari la shule lililobakiwa na kurasa, na nikimaliza nitaipiga picha niiweke kwenye kundi la familia kwenye simu, waisome wa Newala, wa Masasi na wa Dar es Salaam. Nililolisema siku Bibi alipofariki nililisema mbele ya watu. Nikilifuta chumbani peke yangu litakuwa halijafutika. Wote walisikia kwamba mama yako alikuita saa yake ya mwisho, na wewe ukakataa kuamka. Aliyewaambia ni mimi, na haikuwa kweli.

Nianze pale stendi ya Masasi, mwezi wa saba. Mimi na Mjomba tulikungoja tangu saa nane. Uliposhuka kwenye basi ulikuwa na koti zito mkononi na macho mekundu, ukashika mlango kwanza kabla ya kukanyaga chini. Ndege tatu, kisha basi la kutwa nzima kutoka Dar. Mjomba alicheka.

"Dada, mbona unayumba kama umetoka ngomani?"

"Kaka, nihurumie. Huko kwangu saa hizi ni alfajiri, na hii ni siku ya pili sijalala."

"Si umeshafika? Iache saa yao huko huko ng'ambo."

"Saa nimeigeuza tangu ndani ya ndege. Mwili ndio umekataa kugeuka."

Garini, tukipanda kwenda Newala, ulinilalia begani. Tulipofika kwenye kona za mlima ukashtuka, ukanishika mkono ukaniambia: "Mwanangu, nisikilize. Hapa nisilale mchana. Nikilala mchana usiku nitakodoa macho, nitamkosa Mama. Ukiniona nasinzia, nitikise. Nimwagie maji kabisa." Ukaniambia pia kwamba mtu aliyetoka safari ya namna hiyo anaweza kupokea simu usingizini, akaongea vizuri, na asubuhi asikumbuke hata neno. Nikajibu, "Ndiyo, mama mdogo." Nilikubali kwa sababu mkubwa akisema unakubali. Moyoni nilikuwa najiuliza nitamwagiaje maji mtu mzima.

Siku ya kwanza ulijitahidi sana, na nafurahi kwamba niliona. Ulitaka jua. Ulisema jua la asubuhi ndilo linaloufundisha mwili kwamba umefika mahali pengine, tukatoka kutembea kuelekea ukingoni, kule mlima unapokatika na nchi yote inaonekana chini. Jua lenyewe halikuwepo. Ukungu ulikaa mpaka saa nne, na watu walikuwa wanapulizia salfa kwenye mikorosho, harufu ikatukaba. Ulikohoa, ukacheka, ukasema umevuka dunia nzima kufuata jua na limekuruka. Ulikunywa maji mengi hadi Mama akakuuliza kwa utani kama unajua maji ya nyumba hii yanachotwa umbali gani. Chai ya mchana ukaikataa isije ikakunyima usingizi usiku.

Halafu ukasinzia tunakula, tonge la ugali likiwa mkononi. Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mito mlangoni kwake, miguu imevimba, lakini siku ile alikuwa na nguvu ya kutania.

"Ndege yenyewe ilikuja kinyumenyume? Mtoto kafika, akili kaiacha njiani."

Tulicheka wote. Nilitakiwa nikutikise. Mama akasema, "Mwacheni apumzike jamani," akakushika mkono akakupeleka chumbani. Uliamka magharibi. Bibi alikuwa ameshakunywa dawa zake na amelala.

Ikawa hivyo. Wewe usiku umekaa macho kwenye kigoda pembeni ya kitanda chake, yeye amelala kwa dawa. Mchana yeye ameamka anauliza habari zako, wewe umezama. Mlipishana ndani ya nyumba moja kama watu wanaopokezana zamu. Mliongea mara moja tu, alfajiri ya siku ya pili, na Mama anasema Bibi alidhani anaongea na marehemu dada yake.

Jioni ya siku ya tatu ulinifuata jikoni. Hukuwa unacheka tena.

"Kesho uniamshe saa sita. Umenisikia? Hata nikikutukana, niamshe."

"Ndiyo, mama mdogo."

Siku ya nne Mama alikwenda kununua dawa, Mjomba alikuwa shambani na mashine ya salfa, nikabaki mimi na Bibi na wewe. Ulijikaza mpaka saa tano, ukaanguka. Saa sita ilipofika nilipita mlangoni kwako nikasikia unakoroma. Nikasema moyoni, nikuache kidogo.

Saa nane Bibi aliamka. Sauti yake ilikuwa safi kuliko siku zote.

"Hadija yuko wapi?"

"Amelala, Bibi."

"Bado?" Akacheka kidogo, pumzi ikamkatikia. Nilimpa maji, akakataa. "Nenda kamwite. Tangu aje sijamwona macho yake. Namwona kope tu."

Nikaenda.

Mambo ya unyagoni hayaandikwi, lakini hili kila mtu kwetu analijua: msichana aliyechezwa haingii chumba cha mkubwa wake bila kuitikiwa. Unapiga hodi tatu. Kukiwa kimya, unaondoka. Mlango wako haukuwa hata na mbao, palikuwa na pazia la kitenge. Nilisimama nikasema hodi. Nilisema kwa sauti ambayo kuku aliyekuwa miguuni pangu hakuinua kichwa. Nikasema ya pili, nikasema ya tatu. Uliendelea kukoroma. Nilishika pazia. Nilikuwa na ruhusa yako, ulinipa mara mbili, garini na jikoni, na Bibi mwenyewe ndiye aliyenituma. Mkono wangu ukaliachia.

Nimejiambia miezi yote hii kwamba ile ilikuwa adabu. Mama hunisifia kwa majirani kwamba nina adabu. Ulikuwa woga, mama mdogo. Ndio huo huo ulionifanya shuleni nijue jibu nisinyooshe mkono. Niliogopa ukiamka utanitazama vibaya.

Nikarudi nikamwambia Bibi, "Anakuja."

Akageuza uso kuelekea mlangoni. Alikaa hivyo muda mrefu, anangoja, na kila kitu kikigonga nje alifungua macho zaidi. Mimi nilikaa chini nikishika upindo wa shuka. Niliwaza nirudi tena kwako. Nikawaza tayari nimesema unakuja. Kisha akafumba macho na mimi nikadhani amelala. Mama alirudi adhana ya alasiri imekwisha. Aliingia, akaweka mkono kwenye shingo ya Bibi, akadondosha mfuko wa dawa.

Majirani waliingia haraka. Mama alinishika mabega.

"Alisema neno?"

"Alimwita mama mdogo."

"Na wewe hukumwamsha?"

Walikuwepo wanawake sita au saba, Mama Zuhura wa nyumba ya pili akiwa mbele. Wote wananitazama. Nikasema, "Nilimwamsha. Akasema aachwe alale."

Mpaka leo sijui sentensi ile ilitoka wapi. Ilitoka kamili, kama niliyoikariri. Wewe ulikuwa umesimama kwenye pazia, vilio vimekuamsha, shavu lina alama za mkeka.

"Nilisema hivyo?"

Niliangalia chini nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Sikumbuki," ukasema. "Jamani, mimi sikumbuki."



Ungenibishia ingekuwa nafuu. Ungesema huyu mtoto mwongo, ningelia nikasema kweli. Uliniamini. Ulitafuta kichwani mwako saa ile ya mchana ukakuta patupu, ukapokea maneno yangu ukayaweka pale.

Siku za msiba nilisikia wanawake waliokuwa wanachambua mchele uani.

"Siku mbili angani, kumbe kaja kulala."

"Ng'ambo inambadilisha mtu hata damu, shoga yangu."

"Mama anakata roho, mtu anajifunika shuka!"

Ulikuwa umewapa mgongo, unaosha sufuria kubwa. Mkono wako ulisimama, kisha ukaendelea kusugua. Nilikuwa na ndoo kichwani. Niliitua nikaenda nyuma ya nyumba.

Ulipoondoka, Mjomba alisema ana kazi, hakuja kukusindikiza. Ni mimi na Mama tuliokupeleka Masasi. Kabla ya kupanda basi ulinikumbatia ukaninong'oneza: "Usijilaumu, mwanangu. Wewe uliniamsha." Basi likaondoka. Mama alidhani nalia kwa kuachana na wewe.

Arobaini ilipofika hukupiga simu. Mjomba aliagiza jina lako lisitajwe kwenye dua pamoja na majina ya watoto wengine wa Bibi, na shehe akafuata orodha aliyopewa. Mara ya mwisho ulipoongea na Mama ulisema, "Nije kufanya nini, dada? Nitamtazama nani usoni?" Baada ya hapo namba yako imekuwa inaita tu.

Nimemaliza kidato cha nne. Mtihani wa Kiswahili walitaka tuandike barua kwa ndugu, nikaandika kuhusu mavuno ya korosho. Sijawahi kupanda ndege, lakini siku hizi usiku nakaa macho mpaka jogoo, na mchana natembea kama ulivyotembea wewe uliposhuka pale stendi. Tofauti ni kwamba wewe ungezoea. Ulisema kwa wengi ni wiki moja tu, mwili unarudi. Ungekaa siku tatu zaidi na Bibi akakaa siku tatu zaidi, mngeonana. Sikukunyima siku tatu. Nilikunyima dakika chache za siku ile moja, halafu nikakunyima na watu wako.

Nimefikia hapa.

Sasa ni mchana, naendelea. Yote yaliyo juu nimewasomea Mama na Mjomba asubuhi hii kabla ya kuyatuma. Mama hakungoja mwisho. Alinyanyuka akaenda kumenya mihogo, na mpaka sasa hajanisemesha. Ananipa mgongo kama wewe ulivyowapa wale.

Mjomba alitaka nisome tena. Nilipofika kwenye pazia akaninyooshea kidole.

"Hapo. Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kwa hiyo hakuitwa."

"Hakuitwa, Mjomba."

"Na mimi nikamtoa kwenye dua ya mama yake."

Alikaa kwenye benchi amevua kofia, ana vumbi la maganda ya korosho mpaka kwenye nyusi. Nilingoja anipige, na ningeona heri. Aliniuliza kwenu ni saa ngapi. Nikamwambia ndiyo kwanza mnaingia kulala. Akaniuliza mtaamka saa ngapi kwa saa zetu, nikamwambia kama saa kumi na mbili jioni. Akachukua simu yake ndogo akaifuta kwenye shati, akanipa nimwandikie namba yako, maana yeye alikuwa ameifuta. Kisha akasema, "Basi, nitangoja."

Yuko pale nje. Hajala.

Simu ikilia asubuhi ya huko kwenu, mama mdogo, ni kaka yako. Usiiache iite. Mimi usinitafute kwanza. Ukiniuliza lolote nitajibu, na kwa sauti ya kusikika, ila ongea na yeye kwanza. Bibi alikuita kwa jina lako, mchana, akili yake timamu, na hakumwita mwingine yeyote.

Pumzika salama huko uliko.

Mimi mtoto wa dada yako, mwanao, kama bado utapenda kuniita hivyo.