Mluzi Haupigwi Shimoni

Kalangalala, Geita
4 Februari 2024

Kaka Sostenes,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la huku linanibana kifua. Mgongo wako unaendeleaje? Na mdogo wetu Bujiku, hajambo?

Boksi hili nimempa Paskalia, muuza dagaa, akuletee. Ndani kuna bodi ya kompyuta, ndogo kama kiberiti. Ile pampu ya petroli mnayoshusha shimoni kukausha maji inatoa moshi unaoua, tena kimyakimya. Bodi ikiunusa, inapiga mluzi. Maelekezo yake nimeyaandika mwenyewe kwa MicroPython, lugha inayosomeka karibu kama maneno ya mtu: moshi ukizidi kiwango, lia. Ilipolia mara ya kwanza niliruka kama mwehu!

Wewe ndiye msimamizi wa duara, shimo lenu hilo la dhahabu, lakini anayeshuka chini ni Bujiku. Kifaa hiki kitundikwe karibu naye.

Mdogo wako,
Vumilia


Mwakitolyo
25 Februari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Bujiku mzima, anakula kama watu watatu.

Kidude chako kimenitia matatani. Kimelia mara tatu, na mara tatu watu wamepanda juu wakaacha kazi. Wewe ni mtoto wa huku, unajua mluzi haupigwi shimoni, dhahabu inakimbia. Tangu kiingie hatujaona hata punje. Wenzangu wamesema kinyamaze au watakitupa chooni. Anayekitetea ni Bujiku peke yake. Anacheka, anasema ni Vumilia huyo ananiita nipande kula.

Nakirudisha. Kiwekee taa, mluzi hapana.

Kaka yako,
Sostenes


Kalangalala
2 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, roho imechafuka.

Kimelia mara tatu kwa sababu mara tatu mlikuwa mnavuta sumu! Dhahabu gani hiyo yenye masikio? Lakini nikikataa mtakitupa, na mdogo wetu atabaki hana kitu. Haya, mmeshinda. Mluzi nimeuzima, sasa itawaka taa nyekundu.

Ila taa haimwiti aliyeipa kisogo. Kitundike mbele yake, pale anapochimba. Niahidi, kaka.

Mdogo wako,
Vumilia


Mwakitolyo
19 Mei 2024

Mdogo wangu,

Salamu sijui nizianzie wapi. Kule nyumbani Mhunze, msibani, ulininyima mkono, na mbele ya mama sikuweza kusema. Nasema sasa.

Taa iliwaka. Nilipomfikia ilikuwa bado inawaka, nyuma yake, kwenye msumari niliopigilia mimi. Mbele nilikataa, nikaona mawe yanayomeguka yatakivunja. Nilikuhurumia kidude chako. Bujiku alikuwa amelala kifudifudi, sururu mkononi.

Sasa wenzangu wanataka mluzi. Hata duara la jirani wanaulizia. Hakuna tena anayetaja dhahabu kukimbia. Nimekifunga humu. Tafadhali, kirudishie sauti.

Kaka yako,
Sostenes


Kalangalala
2 Juni 2024

Sostenes,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitufundisha salamu hainyimwi mtu. Hali yangu usiulize.

Kazi imekwisha. Ule mstari wa mluzi sikuwahi kuufuta. Niliuwekea alama ya reli mwanzoni, hii hapa: #. Bodi ikiiona, inauruka mstari wote kana kwamba haukuandikwa. Nilijua ipo siku mtautaka. Leo nimefuta alama hiyo moja, basi. Hata chai haikupoa.

Usidhani najitoa lawamani. Msumari uliupigilia wewe, alama niliiweka mimi, kwa kidole hiki, ili nisigombane na wewe.

Nilikijaribu hapa mezani kwa moshi wa jiko. Kikalia. Nikakumbuka Bujiku alivyosema ni mimi namwita apande, nikakiacha kilie mpaka majirani wakagonga mlango.

Kimo ndani ya boksi. Usiniandikie tena.

Vumilia