Shuka za Mama na Maji ya Kisima Chako

Kaka,

Sisi tupo, ila kisima ulichotuchimbia kinanitia wazimu. Maji yanatoka safi, lakini nikitia klorini ing'arishe shuka za Mama, yanageuka rangi ya chai! Nilipokupigia ulisema, "Hiyo hafifu, ongeza." Nikaongeza, na shuka zikazidi kushika kutu. Fundi wa maji alinicheka: chuma kimeyeyuka humo, hakionekani, na klorini ndiyo inayokigeuza kutu.

Basi koma kunitumia machupa ya klorini. Ingekuwa nafua kwa wiki mara moja, ningenyamaza. Lakini Mama hainuki tena kitandani, shuka zake nazifua kila siku.

Nimebakiza shuka moja nyeupe, haijaguswa na maji yako. Unajua naiwekea nini. Njoo kabla sijaikunjua.

Mdogo wako